Kompyuta haimjui mjomba

Mjomba, ami, shangazi, halati, baba mdogo, mama mkubwa, binamu, ndugu wa kunyonya: yote hayo kwenye kompyuta hayamo. Programu za kuchambua nasaba kwa ajili ya utafiti wa jenetiki zinajua maneno mawili tu ya udugu, baba na mama, tena baba aliyezaa na mama aliyezaa. Anayelea, anayenyonyesha, anayesimamia harusi, wote hao kwake si kitu. Kwa hiyo ukitaka kutafiti ugonjwa wa kurithi Unguja au Pemba, kazi kubwa haiko kwenye programu. Iko barazani, katika kuyavunja maneno yetu ya udugu mpaka yabaki mawili.

Faili lenyewe ni jepesi. Kila mtu ana mstari mmoja wenye safu sita: ukoo, mtu, baba, mama, jinsia, hali. Jinsia ni 1 kwa mwanamume na 2 kwa mwanamke. Hali ni 1 kwa asiye na ugonjwa, 2 kwa aliye nao, 0 kwa asiyejulikana. Baba na mama wakiwa 0, mtu huyo ni muasisi, yaani nasaba yetu inaanzia kwake. Huu hapa ukoo wa mfano, wa kubuni, lakini sura yake haitamshangaza mtu wa Wete wala wa Makunduchi:

PB07 1 0 0 1 0
PB07 2 0 0 2 0
PB07 3 0 0 2 0
PB07 4 0 0 1 0
PB07 5 0 0 2 0
PB07 6 1 2 1 1
PB07 7 1 3 2 1
PB07 8 4 5 2 1
PB07 9 4 5 1 1
PB07 10 6 8 1 1
PB07 11 9 7 2 1
PB07 12 10 11 2 2

Mzee namba 1 alikuwa na wake wawili, 2 na 3. Kwa mke mkubwa alimpata 6, mwanamume; kwa mke mdogo alimpata 7, mwanamke. Nyumba ya pili, ya 4 na 5, ilikuwa na binti (8) na kijana (9), ndugu toka nitoke. Nyumba mbili hizi zikaozana: 6 akamuoa 8, na 9 akamuoa 7. Kijana wa kwanza (10) akaja kumuoa binti wa pili (11), na mtoto wao, namba 12, amezaliwa kiziwi.

Sasa mwulize namba 10, "Wewe na mkeo mna udugu gani?" Atakujibu, "Mtoto wa shangazi yangu." Hajasema uongo. Mwenye dodoso ataandika "mabinamu" na kwenda nyumba ya pili. Hapo tayari ameharibu mambo mawili kwa neno moja. Shangazi huyo na baba wa kijana ni baba mmoja mama mbali, kwa hiyo upande huo udugu ni nusu ya ule wa mabinamu kamili. Na mume wa shangazi ndiye mjomba wake kijana, kwa hiyo mke ni mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba kwa pamoja. Kijana amelitaja jina moja kwa sababu hakuna anayejibu swali la barazani kwa majina mawili.

Kipimo cha kitu hiki aliandika Sewall Wright mwaka 1922 na huitwa F. Siku hizi husomwa kama uwezekano kwamba mtoto, mahali fulani katika DNA yake, amepokea nakala mbili zilizotoka kwa mzee mmoja yule yule, moja kupitia baba na moja kupitia mama. Kukihesabu kwa mkono hakuhitaji zaidi ya kalamu. Anza kwa baba wa mtoto, panda mpaka kwa mzee wanayekutana, shuka mpaka kwa mama wa mtoto, hesabu watu wote njiani, kisha zidisha nusu kwa nusu mara hiyo. Kwa mtoto wetu kuna njia tatu: 10-6-1-7-11, halafu 10-8-4-9-11, halafu 10-8-5-9-11. Kila njia ina watu watano, kila moja ni 1/32. Jumla 3/32, yaani 0.09375. Mwenye dodoso aliandika mabinamu, na mtoto wa mabinamu kamili ana F ya 1/16, yaani 0.0625. (Kama mzee mwenyewe wa juu ni mtoto wa ndugu kwa ndugu, njia yake huzidishwa kwa 1 kujumlisha F yake. Hili husahauliwa sana.)

Tofauti ya 0.0625 na 0.09375 mtu anaweza kuiona ndogo. Tazama inavyofanya kazi. Mwaka 1987 Lander na Botstein walionyesha njia ya kutafuta jeni ya ugonjwa adimu kwa kutumia watoto wa ndugu kwa ndugu: unatafuta vipande vya DNA ambavyo nakala ya baba na ya mama zimefanana, kisha unaangalia kipande gani kinarudi kwa wagonjwa wote. Ushahidi hupimwa kwa LOD, kipimo alichokieneza Newton Morton mwaka 1955. LOD ya 3 maana yake ushahidi ni 1000 kwa 1. Mwaka 1995 Lander na Kruglyak wakapendekeza 3.3 kwa anayepekua jenomu nzima, yaani DNA yote ya mtu. Mgonjwa mmoja aliyezaliwa na mabinamu, ugonjwa ukiwa adimu kweli, anaweza kuleta LOD ya juu kabisa ya 1.20, ambayo ni logi ya 16 kwa msingi wa 10, na 16 ni 1 kugawa kwa F. Watoto watatu kutoka koo tatu tofauti wanaleta 3.61. Unafungua soda.

Lakini kama wote watatu kwa kweli ni kama namba 12, kila mmoja analeta logi ya 32/3, yaani 1.03, na jumla ni 3.08. Umeshuka chini ya 3.3. Kama ni watoto wa mabinamu wa pande zote mbili kamili, F ni 1/8, kila mmoja 0.90, na jumla 2.71. Huna kitu. Udugu usioandikwa haupunguzi ushahidi kwenye karatasi, bali unauzidisha, kwa sababu kompyuta inashangaa kuona kipande kimefanana ilhali haikuambiwa kuwa kilikuwa na njia nyingi za kufanana. Ndiyo maana kosa hili halijitangazi. Matokeo yanakuja mazuri kuliko yanavyostahiki.

Basi barazani swali la "udugu gani" lifutwe kabisa. Maswali ni mafupi na yanarudiwa kwa kila mtu: aliyemzaa ni nani, baba? Aliyemzaa ni nani, mama? Mama huyo amezaa na nani mwengine? Baba huyo ameoa wapi kwengine? Halafu unapanda ngazi moja na kuanza tena, upande wa mume na upande wa mke kila mmoja peke yake, na watu wa kujibu wawe tofauti. Vizazi vitatu kwenda juu ni vya lazima. Vinne ni bora.

Majina yetu yanasaidia na yanapoteza. Yanasaidia kwa sababu mwanamke wa Kizanzibari akiolewa haachi jina la baba yake, na cheti cha ndoa kina walii wake, kwa hiyo upande wa kuumeni wa kila mtu una nyayo. Yanapoteza kwa sababu mjukuu hupewa jina la babu. Khamis Juma Khamis anaweza kuwa watu wanne katika shehia moja, na wawili wao ni babu na mjukuu. Ukiwaunganisha kwa jina, mtu anakuwa babu wa nafsi yake. Programu nzuri zitagoma hapo na kukwambia kuna mzunguko. Mbovu zitazunguka mpaka uzime mashine. Jina basi lisiwe kitambulisho. Tia nambari siku ile ile ya mahojiano, na ufunguo wa jina na nambari ukae kwenye faili jengine lenye nywila.

Upande wa mama ndio unaovuja. Mzee anaweza kukupandishia mababa saba bila kumeza mate, ukimwuliza mama wa bibi yake mzaa mama akakuna kichwa. Kwa F pande zote zina uzito sawa, kwa hiyo nasaba ya namna hii imekatwa nusu. Waulize mabibi. Na waulize wanaosoma talkini makaburini, kwani marehemu huitwa hapo kwa jina la mama yake. Baadhi yao wana hazina ya majina ya kina mama ambayo haimo katika daftari lolote.

Kunyonya ni jambo la kuuliza kwa uangalifu. Kwa madhehebu ya Shafii, aliyenyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili amekuwa mtoto wa mnyonyeshaji, na ndoa kati ya ndugu hao ni haramu. Kwa faili letu hawana udugu hata kidogo. Mtu akikwambia "yule ndugu yangu, siwezi kumuoa," usiandike kitu mpaka ujue ni kwa tumbo au kwa ziwa. Hali kadhalika mtoto wa kulea aliyepelekwa kwa halati yake akakulia huko: nyumba nzima wanamwita wao, na sheha anamjua hivyo.

Miaka ya kuzaliwa ya wazee hupatikana kwa matukio. Zama za siasa, Mapinduzi ya 1964, kifo cha Karume mwaka 1972. Ukishapata mwaka wa kukisia, kompyuta ikague: mama aliyezaa chini ya miaka 12 au zaidi ya 55, watoto wa mama mmoja waliopishana chini ya miezi tisa na si pacha, baba aliyefariki miaka mitatu kabla ya mwanawe kuzaliwa. Kila anayelalamikiwa arudiwe. Mara nyingi utakuta mke mkubwa na mke mdogo wamebadilishiwa watoto.

Likija suala la mzazi asiyejulikana, programu nyingi, mojawapo kinship2 ya lugha ya R, zinataka mtu awe na wazazi wote wawili au asiwe na hata mmoja. Mama akikosekana unamtengenezea mstari wa bandia. Kosa la kila siku ni kutengeneza mama wa bandia mmoja kwa watoto wote wa mzee. Papo hapo watoto wa mama mbali wamekuwa toka nitoke, na udugu wao wa kihesabu (uwezekano kwamba nakala moja ya huyu na moja ya yule zimetoka kwa mzee mmoja) umeruka kutoka 1/8 hadi 1/4. Kila mama asiyejulikana na nambari yake, ila pale mtu amethibitisha kuwa ni mmoja. Vile vile mvuvi aliyekwenda dago akarudi na mtoto: mama yule ana nambari hata kama jina lake limebaki upande wa pili wa bahari.

Neno moja juu ya Excel. Nambari 007 ataifanya 7, na 3-4 ataifanya tarehe. Wanasayansi wa dunia nzima walishindwa naye kiasi kwamba mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni ilibadilisha majina kama SEPT1 na MARCH1 kwa sababu yalikuwa yakigeuka Septemba na Machi. Nambari zako zianze kwa herufi, na faili lihifadhiwe kama maandishi matupu.

Koo halisi zina mamia ya watu na njia hazihesabiki kwa vidole. Mashine inapanga watu wazazi kabla ya watoto, kisha inajaza jedwali: udugu wa mtu na mwengine ni wastani wa udugu wa baba yake na wa mama yake kwa huyo mwengine. Watu 2,000 ni visanduku milioni 4, kama megabaiti 32, kompyuta ya kawaida haitokwi jasho. Watu 50,000 ni gigabaiti 20, na hapo ndipo unapohifadhi visanduku visivyo sifuri tu.

Tatizo la ukubwa linauma zaidi kwenye LOD. Kuna njia mbili za zamani. Ya Elston na Stewart, 1971, inabeba ukoo mkubwa lakini alama chache za DNA. Ya Lander na Green, 1987, inabeba alama nyingi lakini ukoo mdogo: uzito wake ni mara mbili ya wasio waasisi, toa waasisi, na kila nambari inayoongezeka inazidisha kazi mara mbili. Ukoo wetu wa mfano una 7 wasio waasisi na 5 waasisi, kwa hiyo uzito 9. Programu ya Merlin, usipoiambia vyengine, inaishia 24. Ukoo wa watu 40 wasio waasisi na waasisi 15 una uzito 65, na hapo watu hufanya lile lisilofaa: wanaukata. Na wanapokata, wanakata pale penye fundo, yaani pale ndugu walipooana, kwa sababu fundo ndilo linalosumbua programu. Yale mahesabu ya 3.61 na 2.71 yanarudi kupitia dirishani. Ukoo ukiwa mkubwa, nionavyo mimi, bora kutumia programu za kukisia kwa bahati nasibu kama SimWalk2, zinazochukua usiku kucha, kuliko kukata kitanzi. Ukilazimika kukata, ondoa matawi yasiyo na wagonjwa wala damu iliyopimwa. Njia inayounganisha baba na mama wa mgonjwa usiiguse.

Yote hayo ni kwa magonjwa adimu. Sikoseli ni habari nyengine, na huku kwetu watu huzichanganya. Jeni yake inajulikana, iko kromosomu ya 11, haihitaji kutafutwa. Tena ni ya kawaida mno kwa udugu wa wazazi kuwa na uzito mkubwa. Chukua jeni inayobebwa na nakala 1 katika 10: watoto wagonjwa ni 1% wazazi wakiwa mbali, na karibu 1.56% wakiwa mabinamu. Chukua jeni ya 1 katika 1,000: kutoka 1 katika milioni hadi kama 63 katika milioni. Ongezeko la kwanza ni nusu, la pili ni mara 63. Anayewaambia wazazi wa mtoto wa sikoseli kuwa wamejitakia kwa kuoana ndugu anawaonea. Kilichohitajika ni baba na mama wote kuwa wabebaji, na mbebaji anaweza kuolewa na mbebaji kutoka Tanga ambaye hawajuani kwa babu wala bibi.

Katika faili, safu ya hali kwa sikoseli inataka uangalifu wake. Kipimo cha haraka cha kuyeyusha hakitofautishi mbebaji na mgonjwa, na kwa mtoto chini ya miezi sita kinaweza kusema hana kitu, kwani bado ana damu ya utotoni. Mgonjwa aliyeongezwa damu ndani ya miezi mitatu minne anaweza kuonekana mbebaji, kwa sababu umepima damu ya aliyemchangia. Andika jina la kipimo na tarehe, pamoja na tarehe ya mwisho ya kuongezwa damu. Baba akiwa AA (hana jeni ya sikoseli) na mtoto SS (ana nakala zake mbili), programu kama PedCheck itapiga kelele. Anza kwa kukagua chupa za damu, kisha uangalie kama baba anabeba thalasemia ya beta, ugonjwa mwengine wa damu wa kurithi, ambayo baadhi ya vipimo haviioni. Kwa baba mwenyewe nenda mwisho kabisa.

Na usihesabu wagonjwa ukadhani umepata uwiano. Nyumba zinaingia katika utafiti kwa sababu zina mgonjwa. Wazazi wabebaji wenye watoto wawili: katika nyumba 16 kama hizo, 9 hazina mgonjwa na hutaziona, 6 zina mmoja, 1 ina wawili. Katika hizo 7 una wagonjwa 8 kwa watoto 14, asilimia 57, wakati ukweli ni 25. Weinberg alitoa dawa mwaka 1912: kila mgonjwa mweke pembeni, hesabu ndugu zake tu. Nyumba 6 zinatoa ndugu 6 wazima, nyumba 1 inatoa ndugu 2 wagonjwa. Wawili kwa wanane, robo.

DNA ikishapimwa, nasaba ya maneno inalinganishwa na ya damu. Programu ya KING inatoa udugu wa kila wawili: juu ya 0.354 ni pacha wa kufanana au damu ya mtu mmoja iliyopimwa mara mbili, 0.177 hadi hapo ni mzazi na mtoto au toka nitoke, 0.0884 hadi 0.177 ni baba mmoja mama mbali, mjomba na mpwa, au babu na mjukuu, ambao wote wana 0.125 na nambari peke yake haiwatenganishi. Linganisha na jedwali lako mwenyewe, usilinganishe na 0.25 ya vitabuni. Ndugu toka nitoke ambao wazazi wao ni mabinamu wanatarajiwa kuwa na 0.281.

Hapa ndipo inapotokea siri. Baba aliyeandikwa siye. Uamuzi wa nini kifanyike uwe umeandikwa katika maombi ya kibali cha maadili kabla ya sindano ya kwanza, na washiriki waambiwe mapema kuwa majibu ya ubaba hayatolewi. Katika faili la uchambuzi baba hubadilishwa kuwa nambari mpya. Katika mchoro unaorudishwa kwa familia hakuna kinachobadilika. Mchoro huo wa kurudisha usiwe na alama nyeusi za wagonjwa pia. Utatundikwa ukutani, na wachumba watakuja kuusoma.

Kila toleo la faili libaki na tarehe yake, maana nasaba haifungwi. Chukua PB07 na koo nyengine mbili za sura yake. Mashine imeshamaliza, kila mtoto 1.03, jumla 3.08. Unarudi na mchoro, bibi mmoja anaweka kidole juu ya namba 2, mke mkubwa wa mzee, anakipeleka hadi namba 5 wa nyumba ya pili, anasema, "Hawa mbona hujawaunganisha? Tumbo moja hawa, na baba mmoja." Njia mbili mpya, za watu saba kila moja, 1/128 na 1/128. F ya mtoto wa PB07 inakuwa 7/64, mchango wake unashuka hadi 0.96, wale wawili wengine wanabaki na 1.03, na jumla ya koo tatu ni 3.02.